Dawa umezipita haraka
Mume wangu ana baipola, na bia anaipenda. Ndugu mwandishi, katika makala yako, kwenye subira umesema kweli, ila dawa umezipita haraka. Anayemeza lithiamu, dawa ya baipola, akinywa pombe sana, mwili hupungukiwa maji na dawa hulundikana kwenye damu: mikono inatetemeka, anatapika, anapepesuka. Majirani watasema kalewa tu, kumbe ni sumu. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Na aliyezoea kunywa kila siku msimfungie ndani ili aache ghafla, anaweza kuanguka kifafa. Mimi maneno ya pombe huyaweka hadi asubuhi, akiwa ameshiba. Usingizi wake naulinda kuliko pochi yangu (mawifi hunicheka). Akianza kukesha akipanga biashara mpya, najua ugonjwa unapanda; namwita kaka yake twende kliniki. Tulikubaliana hivyo mwenyewe akiwa ametulia.