Pengo la Chakava na hatima ya vitabu Thika na Ruiru

Msafiri anayetoka Nairobi kuelekea Thika hupita Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, kisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, kabla ya kuwasili mjini Thika penye Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Katikati kuna Ruiru, mji ambao sensa ya 2019 iliuhesabia wakazi zaidi ya 490,000 na kuuweka katika nafasi ya nne kwa ukubwa nchini.

Kwa mtu anayeuza vitabu, barabara hiyo ingetarajiwa kuwa shamba lenye rutuba. Wasomaji wapo, shule zipo, na tangu barabara kuu mpya ilipozinduliwa mwaka wa 2012, gari la kusafirisha shehena ya vitabu halichelewi sana njiani.

Hata hivyo, kitabu kinachotembea katika miji hii ni kile kilichoagizwa na mwalimu. Riwaya, diwani na tawasifu hukaa kwenye rafu zikingoja mnunuzi. Hali hii ndiyo inayolifanya pengo lililoachwa na Dkt Henry Chakava, aliyefariki Machi 8, 2024 akiwa na umri wa miaka 77, kuwa zaidi ya msiba wa familia na wa kampuni moja.

Chakava, mzaliwa wa Vihiga, alihitimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa shahada ya daraja la kwanza katika fasihi na falsafa. Mwaka wa 1972 alijiunga na tawi la kampuni ya Heinemann ya Uingereza jijini Nairobi akiwa mhariri, na haikupita miaka mingi kabla ya kukabidhiwa usukani wa tawi hilo.

Enzi hizo uamuzi kuhusu kitabu kipi kichapishwe ulitolewa London. Vitabu vilivyopewa kipaumbele vilikuwa vya Kiingereza, kwa imani kwamba Mwafrika anayesoma kwa lugha yake hana fedha za kununua kitabu, na mwenye fedha hataki kusoma kwa lugha hiyo.

Imani hiyo ilitiwa kwenye mizani na mswada uliozaliwa gerezani. Ngugi wa Thiong'o, aliyewahi kumfundisha Chakava chuoni, alikamatwa Desemba 31, 1977 na kuzuiliwa katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru. Humo ndimo alimoandika riwaya yake ya kwanza kwa lugha ya Gikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, juu ya karatasi za chooni.

Alipoachiliwa mwaka wa 1978, swali likawa ni nani angethubutu kuichapisha kazi ya mtu aliyekuwa adui wa wakubwa. Chakava, ambaye Gikuyu haikuwa lugha yake ya mama, alikubali.

Gharama yake haikukawia. Baada ya vitisho, watu waliojihami kwa panga walimvamia jijini Nairobi na kumjeruhi vibaya kidole. Wengi wangeurudisha mswada kwa mwenyewe na kujitafutia usalama. Chakava hakurudi nyuma, na mwaka wa 1980 riwaya hiyo ikatoka, pamoja na tamthilia ya Ngaahika Ndeenda.

Yaliyofuata yaliwashangaza hata wenye kampuni. Kwa mujibu wa maelezo ya Ngugi, nakala 5,000 za kwanza, zilizokadiriwa kumalizika baada ya miaka kadhaa, ziliisha katika muda wa mwezi mmoja, na kitabu kikachapishwa tena mara mbili mwaka huo huo.

Ngugi ameeleza kwamba riwaya ilisomwa kwa sauti katika familia, ndani ya magari ya abiria na katika vilabu vya pombe. Wafanyakazi wa viwandani nao walimchagua mwenzao mwenye kujua kusoma ili awasomee wakati wa chakula cha mchana.

Hapa ndipo miji ya aina ya Thika na Ruiru inapoingia katika hesabu. Thika ni mji wa viwanda, uliozungukwa na mashamba ya kahawa na mananasi, na Gikuyu ni lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi wa eneo hilo. Ni wasomaji wa namna hiyo, vibarua na makarani, waliothibitisha kwamba dhana ya London ilikuwa potovu.

Chakava hakuishia kwa Gikuyu. Mwaka wa 1982 kampuni ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo, Shetani Msalabani, na mwaka wa 1983 ikachapisha Miaha, kazi ya Grace Ogot kwa lugha ya Dholuo. Mwaka wa 1984 ikaja Mafuta, riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi.

Dola nayo haikulala. Riwaya ya Matigari ma Njiruungi ilipotoka mwaka wa 1986, haikudumu madukani. Mwanzoni mwa 1987 polisi walizitwaa nakala zake kutoka kwa wauzaji na kutoka ghala la kampuni.

Uamuzi mkubwa zaidi wa Chakava ulikuja mwaka wa 1992, baada ya mazungumzo marefu, alipofaulu kuwanunua wamiliki wa Uingereza. Kampuni ikawa mali ya Wakenya na kuitwa East African Educational Publishers. Kuanzia hapo idhini ya kuchapisha haikuombwa tena ng'ambo.

Sifa hizo zisifiche ukweli wa biashara. Kampuni hiyo, kama nyingine nchini, ilisimama kwa nguvu za vitabu vya shule. Faida ya kitabu cha kiada ndiyo hulipia riwaya ambayo pengine itachukua miaka kumi kurejesha gharama. Panapokosekana cha kwanza, cha pili hakizaliwi.

Ndiyo maana sera ya serikali kuhusu vitabu vya shule ni suala la fasihi pia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, uchapishaji wa vitabu vya kiada uliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na kampuni za kibinafsi zikabaki kuokota makombo. Sera ya 1998 ililegeza kamba, na elimu ya msingi bila malipo ilipoletwa mwaka wa 2003, shule zilipewa fedha za kujichagulia vitabu vilivyoidhinishwa na kuvinunua madukani.

Huo ulikuwa msimu wa neema kwa mwenye duka la vitabu katika mji mdogo. Fedha za shule zilimwezesha kulipa kodi ya pango, na kwenye rafu iliyobaki akaweka riwaya mbili tatu.

Mwaka wa 2018 mambo yaligeuka. Serikali ilianza kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Nia ilikuwa njema, kwani lengo lilikuwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake na ulaghai upungue. Lakini mwenye duka aliondolewa katika mnyororo wa biashara, na akabaki kutegemea shule za kibinafsi, madaftari na kalamu.

Mchapishaji naye akawa na mteja mmoja mkubwa, ambaye akikosa kulipa hana mwingine wa kumkimbilia. Mwishoni mwa 2024, suala la madeni ya serikali kwa wachapishaji lilitishia kuchelewesha vitabu vya Gredi ya 9. Juu ya hayo kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliowekwa kwa vitabu mwaka wa 2013, pamoja na maharamia wanaonakili kazi za wengine.

Je, mhariri kijana wa leo, akiletewa mswada wa hatari kama ule wa Kamiti, ataupata wapi ujasiri? Chakava aliogopeshwa kwa panga. Mrithi wake hahitaji kutishwa, maana mhasibu atamwambia tu kwamba hakuna pa kukiuza kitabu hicho.

Ipo njia ambayo haihitaji sheria mpya. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Kaunti ya Kiambu, ambayo Thika na Ruiru ni miji yake mikubwa, inaweza kutenga fedha kila mwaka za kununua vitabu vya hadithi kwa Kiswahili, Gikuyu na Kiingereza, na kuvinunua katika maduka ya miji hiyo hiyo. Nakala mia chache zinaweza kuonekana chache, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Ngugi naye alimfuata mchapishaji wake, alipofariki Mei 28, 2025 huko Georgia, Marekani. Wawili hao walikwisha kuthibitisha kwamba mfanyakazi wa kiwandani husoma akiandikiwa kwa lugha yake. Kinachokosekana sasa ni duka au maktaba ambamo mfanyakazi huyo atakikuta kitabu.