Nguvu ya waya mwembamba ni baridi, na baridi ina mwenyewe

Video ya paka iliyopokewa duniani Desemba 11, 2023 kutoka chombo cha angani cha Psyche, kilichokuwa umbali wa kilomita milioni 31, iliwachekesha wengi. Ni wachache waliojiuliza ni kifaa gani kilichoweza kunasa mwanga hafifu wa leza baada ya safari ya sekunde 101.

Jibu lilikuwa katika darubini ya Hale, mlimani Palomar, jimbo la California. Humo shirika la Marekani la NASA lilikuwa limefunga kitambuzi kilichoundwa kwa nyaya nyembamba mno. Nyaya za aina hiyo huwa na upana wa takriban nanomita 100, yaani mamia ya mara wembamba kuliko unywele.

Katika waya wa kawaida wa shaba, elektroni hugongana na mitetemo ya atomu na nishati yake kupotea kama joto. Huo ndio ukinzani. Mnamo 1911, mwanafizikia Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani hutoweka. Ilikuja kubainika baadaye kuwa katika hali hiyo elektroni huandamana jozi jozi na kupita bila kizuizi.

Vitambuzi hivi hutumia udhaifu wa hali hiyo. Umeme hupitishwa kwa kiwango kinachokaribia kikomo cha waya. Chembe moja tu ya mwanga ikiugonga, baadhi ya jozi huvunjika na ukinzani huzuka ghafla. Kwa kuwa waya ni mwembamba, umeme haupati upenyo kando ya mahali hapo, hivyo basi huchepuka na kutoa ishara inayohesabiwa. Waya hupoa tena kwa muda unaopimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde.

Tangu watafiti wa Urusi na Marekani walipoonyesha kifaa hiki mwaka wa 2001, kimeacha kuwa mchezo wa maabara. Mnamo 2020, wanasayansi wa China walitumia vitambuzi 100 vya aina hiyo katika mashine yao ya kwantamu iitwayo Jiuzhang. Aidha, hutumika katika mawasiliano ya siri ambayo mataifa makubwa yanayang'ang'ania.

Hata hivyo, nyaya hizo hazifai kitu bila baridi kali, na baridi hiyo hutegemea gesi ya heliamu. Ni kweli kwamba mitambo mingi ya kisasa huzungusha gesi ileile, lakini haiwezi kuanza kazi bila kujazwa.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mnamo 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwepo kwa hazina kubwa ya heliamu katika bonde la Rukwa, Tanzania.

Ugunduzi huo ni wa kujivunia, ila gesi pekee haileti ujuzi. Faida kubwa humwendea anayejua kuunda waya, si anayejaza mitungi. Iwapo vyuo vya kanda hii havitafungua maabara za baridi kali na kuwafunza vijana fani hiyo, heliamu itasafirishwa ghafi kisha irudi ndani ya mashine za bei ghali. Wahenga walishaonya: penye miti hapana wajenzi.