Mazuku ya Lac Vert yasichorwe kama nukta

Mkaaji wa zamani wa Lac Vert, magharibi mwa Goma, hahitaji kuelezwa mazuku ni nini. Hewa ya kaboni inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa mashimoni usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Haionekani. Mbuzi akishuka humo hatoki, na mtoto vilevile. Lakini mhami aliyetoka Masisi akapiga hema penye nafasi, atajuaje shimo lipi linaua?

Wataalamu wa OVG wanayachunguza mazuku haya tangu zamani. Ila nukta nyekundu kwenye ramani haitoshi: inasema hatari iko hapa, haisemi inaishia wapi. Kinachotakiwa ni umbo lote la shimo, liwekwe katika hifadhidata moja na maumbo ya parseli.

Wengine watasema parseli ni nyingi mno kulinganishwa na kila shimo. Si kweli. Mwaka 1984 Antonin Guttman, wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, alieleza njia yake: kila umbo linazungushiwa sanduku la mstatili, masanduku jirani yanatiwa katika sanduku kubwa zaidi, na hayo katika lingine. Ni kama kutafuta nyumba Goma: komine kwanza, kisha mtaa, kisha avenyu. Anayeuliza habari za Lac Vert hafungui sanduku la Majengo. PostGIS, programu ya bure, inafanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana.

Kisha maumbo machache yaliyobaki yanapimwa mpaka kwa mpaka, maana sanduku linaweza kugusa parseli ambayo mazuku yenyewe hayaifikii. Hatua hii isirukwe kamwe. Kumnyima mtu kiwanja chake kwa sababu ya sanduku tu ni dhuluma.

Basi kabla hati ya parseli haijapigwa muhuri, au hema halijasimikwa, swali hilo liulizwe. Na mipaka ichorwe pamoja na viongozi wa nyumba kumi, ndio wanaojua mbuzi wa nani alifia wapi. Simu yenye GPS inatosha kuzunguka shimo kwa juu, mchana, bila kushuka. Simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo mita hizo ziongezwe upande wa usalama, na tarehe iandikwe, kwa kuwa mazuku hayabaki na ukubwa uleule.