Neno la Mhariri: Pambizo za Picha

Wasomaji watakaozipitia kurasa za toleo hili wataona kuwa picha tulizozichapa, zote zikiwa ni za jamaa waliokusanyika nje, katika mandari za pwani, chini ya miembe ya mashambani au viwanjani siku za Idi, zimeachwa na pambizo zao kama zilivyotoka kwa fundi aliyezisafisha, wala hatukukata upande hata mmoja ili nyuso za wakubwa zikae katikati. Na madhali baadhi ya wenzetu wamelihesabu jambo hili kuwa ni uzembe, imetulazimu kutoa hoja yetu.

Picha ya studio ni kauli iliyokwisha kupangwa. Katika Capital Art Studio ya Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na katika studio za namna yake huko Mombasa, mtu aliingia akiwa amekwisha kujipamba, akakalishwa, akaelekezwa kidevu, na kila kisichotakiwa kikabaki nje ya mlango. Hatuidharau sanaa hiyo. Lakini picha ya nje haina mlango wa kufunga; na tangu kampuni ya Kodak ilipotoa kamera ya Brownie mwaka 1900, ikauzwa huko Marekani kwa dola moja tu, kazi ya kupiga picha ilianza kuwatoka mafundi na kuwaingia wajomba na makaka, ambao waliishika kamera yao ya sanduku kifuani, wakainama kuchungulia kidirisha kidogo kisichowaonyesha sawasawa mwisho wa picha, na kwa sababu hiyo yakaingia mengi ambayo hakuna aliyeyaalika.

Itazameni ile ya jalada. Wazee wamekaa juu ya viti vilivyotolewa ndani, vijana wa kanzu na kofia wamesimama nyuma yao, watoto wako mkekani, na wote wamekunja nyuso. Kwani ilikuwa desturi ya zama zile kwamba mpiga picha alipe jua mgongo, basi likawapiga machoni wanaopigwa, na wajukuu wanaosema leo kuwa babu yao alikuwa mkali wanamtoza dhambi ya jua. Chini, mchangani, kimelala kivuli kirefu cha mpigaji mwenyewe, viwiko vimetokeza kama masikio ya sufuria: huyo ndiye jamaa pekee asiye na uso katika kumbukumbu ya siku ile. Na kuliani, pale ambapo mkasi ungepita kwanza, yuko mwanamke nusu, ameinamia chungu na upawa mkononi, na kando yake mtoto aliyegeuka ghafla hata kichwa kikavurugika. Nyuma ya picha yameandikwa, kwa herufi za Kiarabu, majina ya wote waliokaa vitini. La mpishi halimo. Lau tungalikata, asingalikuwamo hata yeye mwenyewe, na msomaji angalidhani karamu ile ilijipika.

Ziko pia picha ambazo hatukuzichapa, nazo ni miongoni mwa zilizo nzuri kabisa: wanawake ufukoni, mabuibui wameyaweka kando, wanacheka. Hao waliridhia kutazamwa na ndugu yao aliyeshika kamera, na idhini waliyompa yeye hawakuupa umma, hata kama miaka imepita na wengi wao ni marehemu. Tulishauriwa tuwakate wao tubakishe bahari na mitepe. Tuliona sitara yao itatimia zaidi kwa kuirudisha picha nzima albamuni.

Wenye kutaka kutuletea zao kwa toleo lijalo, tunawaomba wazilete nzima, hata zile zilizopinda upeo wa bahari au kuingiliwa na gurudumu la motokaa. Waandike nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, maana wino hupenya na kalamu ngumu huacha alama usoni mwa picha. Na majina wayaanze kwa walioko pembeni.