Jirani Ndiye Kipimo cha Sauti Yetu

Kwa vizazi vingi mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro hakuwa na haja ya kufikiri sana juu ya kelele za nyumbani mwake. Nyumba ilisimama katikati ya kihamba, imezungukwa na migomba, mibuni na miti mikubwa ya kivuli, na nyumba ya jirani ilikuwa ng'ambo ya mfereji au nyuma ya safu ya masale. Hata redio zilipoingia Marangu, Machame na Kibosho, sauti yake ilimfikia jirani ikiwa imekwisha kuchoka njiani. Leo watoto na wajukuu wa vihamba hivyo, pamoja na wenzao waliotoka kila pembe ya nchi, wanaishi katika nyumba za ghorofa na vyumba vya kupanga mjini Moshi. Wamehama na redio zao, wakaongeza televisheni na sabufa. Lakini nafasi iliyokuwa ikiwatenganisha na jirani haikuhama nao.

Magomvi yanayozuka baina ya wapangaji kwa sababu ya muziki hutazamwa kwa kawaida kuwa ni jambo la adabu peke yake. Anayelalamika husemwa kuwa ana wivu na furaha ya wenziwe. Anayelalamikiwa husemwa kuwa hakulelewa vema. Adabu ina nafasi yake, wala haibishaniwi. Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba sehemu kubwa ya magomvi haya hutokana na kutojua tabia ya sauti. Mwenye redio anaposema, "Mbona nimefungulia kidogo tu?" mara nyingi hasemi uongo. Kwa masikio yake sauti ni ndogo kweli. Tatizo ni kwamba katika jengo la ghorofa yeye ndiye shahidi asiyefaa kabisa juu ya kelele zake mwenyewe.

Umbali na ukuta

Tuanze na vipimo. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakiendi kama kilo au mita: desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa karibu mara mbili, zikiongezeka 10, nguvu huwa mara 10, ingawa sikio la binadamu huona kama sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi.

Katika uwanja wa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili kutoka kwenye chombo kidogo, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi mita 48 umbali umezidishwa mara mbili kwa hatua nne. Kwa hiyo sauti imepungua kwa desibeli 24, yaani nguvu inayofika ni kama sehemu moja tu ya 250. Wengi hudhani kwamba ni majani ya migomba yanayozuia sauti kihambani. Ukweli ni kwamba safu chache za mimea huzuia kidogo sana. Kazi kubwa hufanywa na umbali wenyewe, ikisaidiwa na udongo laini uliofunikwa na majani makavu.

Katika ghorofa umbali huo haupo. Kitanda cha mmoja na spika ya mwingine huweza kutenganishwa na zege la sentimita 15 tu. Zege hilo si kitu dhaifu: kila mita ya mraba ina uzito wa kilo 360 hivi, na uzito ndio unaoizuia sauti. Maongezi ya kawaida hayapiti kwa urahisi. Lakini kizuizi hakitendi haki sawa kwa sauti zote. Kwa ukuta wa kawaida, kila marudio ya mawimbi yanapopungua kwa nusu, uwezo wa ukuta kuzuia hupungua kwa takribani desibeli 6. Chukua sauti ya hezi 1,000, iliyo katika eneo la maneno ya mwimbaji, ukailinganishe na sauti nzito ya hezi 60 hivi inayotolewa na gitaa la besi. Marudio yamegawanywa kwa mbili kama mara nne. Kwa hiyo besi hupita ikiwa na nafuu ya desibeli 24. Katika jengo halisi hesabu haiwi safi namna hii, kwa kuwa kuta nazo hutetema kwa tabia zao, lakini mwelekeo ni huo.

Ndiyo maana jirani hausikii wimbo. Maneno, zeze na filimbi hubaki chumbani kwa mwenye redio. Kinachovuka ni dundo tupu, lisilo na mwanzo wala mwisho. Mmoja anasikiliza muziki, mwingine anapigiwa ukuta. Watu hawa wawili wanapokutana kwenye ngazi asubuhi, hawazungumzi juu ya kitu kimoja.

Kwa nini mwenye redio hasikii

Kuna jambo la pili lililo la ajabu zaidi. Hewani sauti husafiri kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Sauti ya hezi 57 basi ina urefu wa wimbi wa mita 6. Katika chumba chenye upana wa mita 3, nusu ya wimbi hilo huenea kamili kutoka ukuta hadi ukuta, na wimbi hurudiana lenyewe mpaka likasimama. Wimbi la namna hiyo huwa na nguvu kubwa kabisa kwenye kuta na pembe, na huwa hafifu katikati ya chumba.

Sasa tufikiri watu huketi wapi na hulala wapi. Mwenye redio huweka kiti chake karibu na katikati ya chumba, mahali ambapo besi hiyo ni hafifu. Akiona haitoshi, huongeza kitufe. Spika yenyewe ameiweka sakafuni penye pembe, mahali panapoikuza besi kuliko pengine popote. Jirani naye amesukuma kitanda chake mpaka ukutani, kama wafanyavyo watu wengi wenye vyumba vidogo, na kichwa chake kiko hasa pale ambapo wimbi lina nguvu. Samani, milango na madirisha hubadili kidogo picha hii, lakini hazifuti maana yake: inawezekana kabisa anayelala upande wa pili wa ukuta akasumbuliwa na besi ambayo mwenyewe haioni kuwa ni kubwa.

Wengine wameanza kupima kelele kwa simu ya mkononi ili kumaliza ubishi. Nia ni njema, lakini tahadhari yahitajika. Vipimo vingi vya desibeli hurekebishwa ili vifuate usikivu wa sikio kwa sauti za chini, na katika urekebishaji huo sauti ya hezi 50 hupunguziwa desibeli 30. Simu ikionyesha namba ndogo, haijathibitisha kwamba dundo halipo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, tena likaeleza kwamba penye sauti nzito nyingi hata kiwango hicho chafaa kishushwe.

Nani anaumia

Labda msomaji atasema kwamba hili ni jambo dogo katika nchi yenye mambo makubwa. Hatukubaliani naye. Moshi ni mji wa hospitali na wa shule. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, haifungi milango usiku. Muuguzi aliyekesha wodini hurudi nyumbani asubuhi na hulala saa ambazo mtaa mzima unaamini kuwa ni halali kufungulia muziki. Akikosa usingizi leo, kesho usiku mkono wake ndio utakaopima dawa ya mgonjwa. Mlinzi na dereva wa magari ya usiku wako katika hali hiyohiyo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Novemba hana chumba kingine cha kuhamia. Mwezi Desemba, wenyeji wanaporudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko na sherehe zikawa nyingi, wenye watoto wachanga na wagonjwa nao wana usiku wao wa kuuvuka.

Kwa hiyo ile kanuni ya kwamba "ni marufuku baada ya saa nne usiku" ni nzuri, lakini haitoshi. Ni kweli kwamba usiku sauti ileile huonekana kubwa zaidi, kwa kuwa kelele za barabarani zinazoifunika mchana zimekwisha. Lakini saa haijui nani amelala. Wapangaji ndio wanaojua.

Wapo wanaojibu malalamiko kwa methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii ina hekima yake, lakini haifai hapa. Ng'ombe hunywa akaondoka zake. Mpangaji ametoa kodi ya miezi kadhaa, na kisima chake ndicho hicho. Wapo pia wasemao kwamba kimya ni desturi ya wageni, na kwamba sisi ni watu wa ngoma. Tukumbuke kwamba ngoma ilikuwa na uwanja wake, siku yake na waalikwa wake. Haikuchezwa kando ya mto wa kulalia wa mtu asiyealikwa.

Yanayowezekana

Mengi yaweza kufanyika bila gharama kubwa. Kwanza, spika iondolewe pembeni na isikae moja kwa moja sakafuni. Kila mmoja anajua kwamba kinu kikitwangiwa ghorofani, walio chini hutwangwa nacho. Spika ya besi iliyogusa zege ni kinu kidogo kisichochoka. Iwekwe juu ya kipande cha godoro au cha mpira mzito. Jambo hili halizuii mawimbi yanayopita hewani, lakini hupunguza mtetemo unaoingia moja kwa moja katika jengo. Pili, badala ya kupunguza sauti yote, ipunguzwe besi: wimbo utabaki, dundo litapungua. Tatu, msikilizaji asogee karibu na chombo chake, ili apate sauti ya kumtosha bila kufungulia sana. Atumiaye visikilizio vya masikioni amlinde na nafsi yake pia, maana kwa mtu mzima inashauriwa isizidi desibeli 80 kwa saa 40 za juma.

Yapo pia yasiyofaa kitu. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini ni nyepesi mno kuizuia besi isitoke. Mapazia vivyo hivyo. Kinachozuia ni uzito na kuziba nafasi: tundu lenye eneo la asilimia moja tu ya ukuta huufanya ukuta wote, hata uwe mzito namna gani, usizuie zaidi ya desibeli 20 hivi. Wajenzi wa nyumba za kupangisha, ambazo zinaongezeka kwa kasi mjini mwetu, yafaa walikumbuke hilo wanapoacha upenyo juu ya kuta za kugawanya vyumba.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa kelele, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015. Sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wamiliki wa jengo moja chama cha kusimamia mambo yao ya pamoja. Lakini sheria hufika ugomvi ukiwa umekwisha komaa. Kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa ipo hatua iliyo rahisi zaidi: mwenye redio aiache ikicheza kama kawaida yake, apande au ashuke ngazi, abishe hodi na kuomba kusikiliza kutoka chumbani kwa jirani. Dakika tano za kusimama kando ya kitanda cha mwenziwe zitamfundisha zaidi ya maneno ya mwaka mzima. Kisha waelewane juu ya alama kwenye kitufe, na juu ya saa zinazofuata maisha yao halisi.

Desturi ya Uchagga ina mfano mwema wa kutafakari. Masale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Na jani la isale hilohilo huchukuliwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Mpaka na upatanisho vilikabidhiwa mmea mmoja. Ghorofani hapana udongo wa kupanda masale, na besi haiutambui mpaka wa zege. Basi mapatano hayana budi kuwekwa kwa maneno.

Walimu wa fizikia wana nafasi ya pekee hapa. Mada ya mawimbi hufundishwa mara nyingi kwa kamba na bakuli la maji, kisha ikasahauliwa baada ya mtihani. Mwanafunzi apewe sauti moja nzito inayocheza mfululizo katika darasa tupu, atembee polepole kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, aandike mahali inapovimba na mahali inapofifia, kisha akokotoe urefu wa wimbi kutokana na vipimo vyake. Baadaye mwenzake asimame darasa la jirani na aandike anachosikia yeye. Daftari hizo mbili zikilinganishwa, darasa zima litaona kwamba hazifanani, na wanafunzi watakuwa na jambo la maana la kuwaeleza wazazi wao jioni.