Jaribio la Saa Moja Halionyeshi Joto la Kabati



Huenda mtashangaa kuona sisi watu wa reli tukiandika habari za vituo vya umeme wa nguvu za atomu, na hali hapa Kenya hakuna hata kimoja. Lakini ndani ya vituo hivyo mna mashine ambayo twaijua kwa mikono yetu. Ni injini ya dizeli inayozungusha jenereta, na karibu yake pana kabati la chuma lililojaa waya, swichi na fyuzi. Ndivyo ulivyo mtambo wa kichwa cha treni yetu ya dizeli, ila ule hauvuti mabehewa. Tena hatusemi kwa mfano tu. Injini ya EMD aina ya 645, ambayo imevuta treni Marekani na katika nchi nyingine nyingi, ndiyo iliyowekwa katika baadhi ya vituo vya atomu vya Marekani iwe ya kuendesha jenereta ya akiba. ALCO 251 vilevile. Basi tukisema neno juu ya makabati hayo hatuingilii kazi ya watu wengine.

Kwanza mjue sababu ya jenereta ya akiba. Tanuri la atomu si kama boila la makaa, ambalo ukitoa moto nje linaanza kupoa. Tanuri hili likizimwa, wakati uleule bado latoa joto la kadiri ya sehemu 6 au 7 katika 100 za nguvu zake. Baada ya saa moja ni sehemu moja na nusu hivi, na kesho yake bado ni nusu sehemu. Nusu sehemu yaonekana ni neno dogo, lakini kwa tanuri lenye joto la megawati 3,000 ni megawati 15, na joto hilo ni lazima liondolewe kwa maji. Maji husukumwa na pampu, na pampu zataka stima. Stima ya nje ikikatika, jenereta ya akiba hutakiwa kuwaka na kuanza kazi kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Sasa tazameni yaliyotokea Fukushima Daiichi, nchi ya Japani, tarehe 11 Machi 2011. Wengi wamesikia ya kwamba bahari iliingia ikazima jenereta. Ni kweli, lakini si yote. Jenereta mbili za kupozwa kwa hewa, moja ya tanuri la pili na moja ya tanuri la nne, zilikuwa katika jengo jingine na maji hayakuzifikia. Zilikuwa nzima. Lakini makabati yao ya umeme yalikuwa chini, nayo yakajaa maji, kwa hiyo umeme wao haukuweza kufika popote. Jenereta iliyosalimika pamoja na kabati lake ilikuwa moja tu, ya tanuri la sita, nayo ndiyo iliyookoa tanuri la tano na la sita.

Na kule Forsmark, nchi ya Uswidi, tarehe 25 Julai 2006, hitilafu ilitokea katika uwanja wa swichi za volti 400,000. Jenereta za akiba zilikuwa nne. Mbili ziliwaka, ila hazikuweza kujiunga na njia za umeme kwa sababu vifaa vya kabatini vilivyozilisha habari ya mwendo wake vilikuwa vimezimika. Zilikaa hivyo dakika 20 na zaidi, mpaka wafanyakazi wa chumba cha uongozi walipoziunga kwa mkono.

Hayo mawili hayakuwa mambo ya joto. La kwanza ni maji, la pili ni umeme uliozidi kipimo. Twayataja ili mwone ya kwamba injini nzima yaweza kunguruma bure kwa ajili ya kabati. Joto nalo laua kabati, ila halina kishindo kama bahari, wala hakuna mtu atakayelipiga picha.

Joto hilo latoka wapi? Ndugu zetu wa karakana watajibu hata wakiwa usingizini. Lipo joto la kazi yenyewe: daiodi, transfoma ndogo na vizuizi vya umeme vinavyoilisha jenereta sumaku yake, vyote hupata moto kwa kadiri ya mzigo. Lipo joto la nati iliyolegea. Nati ya shaba iliyolegea kidogo tu huwa kama jiko, na kila inavyopata moto na kupoa huzidi kulegea. Lipo la swichi ambayo midomo yake imeungua. Lipo la chujio la feni lililozibwa na vumbi na mafuta. Kuna na hita ndogo inayowekwa ndani ili kufukuza unyevu wakati mashine imelala, ambayo ikiwa swichi yake imeharibika hubaki ikiwaka hata mashine ikiwa kazini. Na juu ya yote lipo joto la chumba, maana kabati limesimama karibu na injini kubwa ya dizeli. Feni za kupoza chumba hicho nazo, stima ya nje ikikatika, hula umeme wa jenereta ileile. Feni moja ikikataa, chumba kitapanda joto, kabati litapanda zaidi ya chumba, na kifaa cha ndani kabisa kitapanda kupita vyote.

Mafundi wa umeme wana hesabu yao ya zamani: kila joto likizidi digrii 10, maisha ya gamba la waya hupungua nusu. Kapasita ni hivyohivyo. Basi kabati linalokaa na joto la digrii 60 mahali pa 40 halitaharibika leo. Litakula miaka yake kimyakimya, na siku ya kuhitajiwa likute miaka imekwisha.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu. Kwa kanuni za Marekani, ambazo nchi nyingi hufuata mfano wake, jenereta ya akiba hujaribiwa kila mwezi kwa kuibebesha mzigo muda usiopungua saa moja. Jaribio la saa 24 hufanywa mara moja katika mwaka na nusu, au miaka miwili. Sisi hatuna ugomvi na jaribio la kila mwezi. Laonyesha kama injini inawaka. Lakini kabati halimalizi kupanda joto kwa saa moja, hasa likijaribiwa asubuhi, katika miezi ya baridi, na milango ya jengo ikiwa wazi kwa sababu watu wanaingia na kutoka. Mtu akiandika "sawa" baada ya jaribio hilo hasemi uongo, ila amejibu swali jingine.

Sisi tuliyaona hayo katika karakana moja ambayo baadhi yetu tuliifanyia kazi. Palikuwa na kichwa cha treni kilichokuwa kikifa njiani kikipanda mlima kutoka pwani, saa sita mchana, na nyuma mzigo mzito. Kikirudishwa kilijaribiwa uwanjani saa moja ya asubuhi kwa nusu saa, na kitabuni huandikwa "hakuna kosa lililoonekana". Ikawa hivyo mara nne. Fundi mmoja akaandika ya kwamba kabati lanuka na kuomba lifunguliwe lingali na moto. Akaambiwa anachelewesha treni. Siku ya tano alikwea mwenyewe akaenda nacho mpaka juu, akafungua kabati papo hapo baada ya kuzima umeme, akakuta bolti moja ya shaba imegeuka rangi kuwa buluu, na chujio la feni limekuwa kama mkeka. Kazi ya spana ilikuwa dakika kumi. Barua ya onyo aliyopewa kwa kuondoka karakana bila ruhusa iko katika faili lake hata leo.

Kichwa cha treni kikifa mlimani abiria watalala njaa na mabwana watatoza faini. Kwenye kituo cha atomu hesabu ni nyingine.

Kwa hiyo kazi ya kuzuia joto ni kazi ya mikono na ya saa. Kabati litazamwe likiwa chini ya mzigo, si likiwa baridi, na kamera ya kuonyesha joto sasa hivi si kifaa cha ajabu. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo na kuandikwa nani amekaza. Chujio lisafishwe kabla halijaziba. Vipima joto vikae ndani ya kabati lenyewe, si ukutani mwa chumba, navyo visomwe kila saa katika jaribio lile la saa 24, milango ikiwa imefungwa na feni zikiwa zile tu zitakazokuwapo siku ya shida. Jaribio hilo lifanywe katika miezi ya joto.

Kuna jambo la mlango. Kila fundi ameona kabati lenye joto likiachwa wazi na feni ya mezani ikielekezwa ndani. Hata sisi tumefanya, na wakati mwingine hatukupewa njia nyingine. Lakini katika kituo cha atomu mlango ule una kazi. Washikilia kabati lisicheze katika tetemeko la ardhi, na wazuia moto wa kabati hili usiende la pili. Tena pwani, ukiufungua, hewa ya chumvi itaingia ile shaba. Anayefungua mlango ameondoa dalili akaacha ugonjwa, na asipoandika kitabuni, zamu inayofuata itadhani kabati limepona.

Kwetu Kenya habari hizi si za mbali sana. Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019 iliweka wakala wa serikali wa nguvu za nyuklia. Uyombo katika Kilifi ilitajwa kuwa mahali pa kituo, na mwaka wa 2024 wenyeji waliandamana kukataa. Baadaye Siaya ikatajwa. Kama kituo kijengwe au kisijengwe, na wapi, wenye ardhi na wavuvi wana haki ya kusema mbele yetu. Lakini kikijengwa, watakaosafisha chujio na kukaza nati watakuwa watoto wetu, na twaona kila mahali kazi ya namna hiyo ikipewa vibarua wa miezi mitatu. Kibarua wa miezi mitatu hawezi kujua kama kabati lanuka leo kuliko mwaka jana. Na akijua, ataandika kitabuni ili afukuzwe?

Twataka chama chochote kitakachowaandikisha mafundi hao kiweke katika mapatano ya kwanza, kabla ya habari za mshahara, neno hili: fundi aandikaye kosa la kabati asiadhibiwe kwa kuchelewesha kazi, na kosa lisifutwe kitabuni ila kwa sahihi ya aliyeliandika.

Sisi katika tawi letu tumeanza na ya kwetu. Tuliomba vipima joto sita vya kuwekwa ndani ya makabati ya vichwa vya treni. Mpaka leo tumepata viwili, na kimoja chasoma digrii 71.