Kwa Nyumba Zenye Wana Ng'ambo: Habari ya Kufunga kwa Maji ya Matunda



Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka nyumba moja ya upande wa Mabamba. Mtoto wa nyumba hiyo yuko Ulaya kwa masomo. Amewaandikia wazazi wake kwamba kwa siku saba hatakula chakula, atakunywa maji ya matunda tu, ndiyo juisi, kwa kuwa wenzake wa bwenini wafanya hivyo. Mama yake auliza: Je, ni ugonjwa? Je, ni dini mpya? Au mwanangu amekosa chakula, naye aona haya kusema? Maswali hayo yote ni mema, lakini la tatu ni zito kuliko mengine. Tutayajibu kwa utaratibu, kwa maana nyumba zenye wana ng'ambo ni nyingi siku hizi.

Kwanza, desturi hiyo si ugonjwa, wala si dini. Alikuwako Ujerumani daktari jina lake Otto Buchinger, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1966. Alikuwa daktari wa jeshi la majini, akashikwa na maumivu makali ya viungo hata akaacha kazi. Mwaka 1919 alifunga chakula kwa siku nyingi chini ya uangalizi wa daktari mwenzake, akapata nafuu. Tangu hapo akawatibu wengine kwa njia hiyo, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu yake. Wagonjwa wake walipewa mchuzi mwepesi wa mboga, maji ya matunda, na asali kidogo. Angalieni vema jambo hili: walikaa katika nyumba ya wagonjwa, na madaktari waliwatazama kila siku. Tena, tangu mwaka 1983 Wakristo wa Kiinjili wa nchi hiyo huitana wakati wa Kwaresima waache kitu fulani kwa majuma saba, kama vile pombe au vitu vitamu. Basi mwanafunzi afikaye huko hulisikia neno la kufunga kanisani, hulisikia hospitalini, na hulisikia dukani pia, maana wapo wauzao chupa za maji ya matunda wakiahidi kwamba yatamwosha mtu tumboni na kumtoa sumu zote.

Ahadi hiyo ya wenye maduka tusiipokee. Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya mwili ini na mafigo, navyo hufanya kazi ya kusafisha usiku na mchana, mtu akila ugali au akinywa maji ya machungwa. Yatokeayo katika kufunga ni haya. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na katika nyama za mwili, na akiba ile ya ini huisha kwa muda wa siku moja hivi. Pamoja na akiba hiyo hutoka maji mengi, ndiyo sababu mtu apimwapo siku ya tatu huona uzito umepungua sana, akafurahi. Lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, nayo hurudi mara alapo. Baadaye mwili huanza kuyeyusha mafuta, na pamoja na mafuta hula nyama zake wenyewe, kwa kuwa katika maji ya matunda protini ni haba mno. Lita moja ya maji ya machungwa ina kalori 450 hivi, na karibu zote ni za sukari. Mtu mzima ahitaji kalori 2,000 na zaidi kila siku, na yule afanyaye kazi ya jembe ahitaji nyingi kuliko hizo.

Sisi tunaoandika tuliionja desturi hii tulipokuwa masomoni katika nchi hiyo. Twalikaa katika bweni lenye jiko moja la watu wengi, nasi tulifunga siku tano pamoja na wenzetu wenyeji, mwishoni mwa majira ya baridi, baada ya mitihani. Kabla ya kuanza tulipimwa na daktari. Tulikunywa maji ya matofaa yaliyochanganywa na maji moto, na jioni mchuzi wa karoti na vitunguu. Siku ya kwanza kichwa kiliuma sana. Wenzetu wakatuambia kwamba ni kwa sababu ya kuacha kahawa kwa ghafula, na ndivyo ilivyo kwa kila aliyeizoea. Siku ya pili tuliona baridi hata ndani ya nyumba, na vidole vikawa kama vya maiti. Siku ya tatu njaa ilipoa, na mwili ukawa mwepesi. Lakini mawazo hayakutulia. Tukifungua kitabu, twaona ugali wa muhogo. Tukifunga macho, twanusa maharage yaliyoungwa kwa mawese, na dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaangwa. Siku ya sita asubuhi tulikula nusu ya tofaa, polepole, na jioni viazi vichache. Faida tuliyoiona ilikuwa hii: tulijua ni mara ngapi twala pasipo njaa, kwa uchovu na kwa upweke tu. Hiyo ni faida ya kweli, nasi hatuidharau. Wala hatusemi kwamba ilitutoa sumu au kutuponya ugonjwa, maana hatukuwa wagonjwa.

Katika bweni lile alikuwako mwanafunzi mwingine kutoka Afrika, si wa nchi yetu. Alipotuona na vikombe vyetu alisema, “Hata mimi nafunga.” Tukafurahi kupata mwenzetu. Siku zetu tano zikaisha, yeye hakumaliza. Tulipomwuliza atamaliza siku gani, alicheka tu. Juma la tatu alianguka ngazini. Ndipo jambo likajulikana: fedha za ufadhili wake zilikuwa zimechelewa, na kidogo alichokuwa nacho alikuwa amekituma kwao, kwa karo ya wadogo zake wawili. Nyumbani walidhani anashiba, kwa maana aliyeko Ulaya hudhaniwa daima kuwa anashiba. Naye hakutaka kuwavunja moyo. Neno la kufunga lilimfaa sana, kwa kuwa lilimpa heshima mahali ambapo neno la njaa lingempa aibu. Wenzake walitengeneza chungu cha pamoja, kila mtu akileta alichonacho, wali, dengu, au kabichi, naye akala pamoja nao hata fedha zake zikafika.

Twawasihi wazazi mlifikiri sana jambo hili. Kufunga na njaa hufanana kwa nje. Tumbo halijui kuvitenga. Tofauti yake ni hii: afungaye amechagua, anajua siku atakayokula, na chakula kipo kikimngoja. Sisi wa mpakani twalijua hili kuliko wengi. Mwaka 1993, na tena mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walivuka kuja kwetu, wengine wakiwa hawajala siku nyingi. Hakuna mtu wa Mabamba aliyesema kwamba watu wale walikuwa wamefunga. Tulisema wana njaa. Basi kwa nini mtoto wetu mwenyewe akikosa chakula katika mji wa ugenini tukubali kusema kwamba amefunga?

Tena njaa haimwachi mwanafunzi asome. Liko jambo lililofanyika Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, miaka ya 1944 na 1945. Vijana 36, ambao kwa ajili ya dhamiri zao walikataa kuchukua silaha, na wengi wao walikuwa wa makanisa yahubiriyo amani, walijitoa kwa hiari walishwe chakula kidogo, ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Kwa majuma 24 walipewa kalori 1,570 hivi kwa siku. Walipungua kama robo ya uzito wao. Waliona baridi daima, wakawa wepesi wa hasira, wakaacha kucheka, wakasoma vitabu vya upishi kama mtu asomavyo barua za nyumbani; na wenyewe walisema kwamba hawawezi kukaza mawazo. Pimeni sasa: kijana anywaye lita moja na nusu ya maji ya machungwa kwa siku hapati hata nusu ya walichopata wale. Kwa siku chache mwenye afya atavumilia. Kwa majuma, masomo yake yataharibika kabla ya mwili wake, na huko nyumbani mtadhani amekuwa mvivu.

Wako pia watu wasiopaswa kabisa kujaribu jambo hili pasipo ruhusa ya daktari: mwenye kisukari, hasa atumiaye dawa za kushusha sukari, mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye, mtoto na kijana anayekua, mwenye kifua kikuu, atumiaye dawa zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula, mwenye ugonjwa wa mafigo, na yule ambaye zamani aliwahi kujinyima chakula kwa kuchukia mwili wake. Tena maji ya mboga mbichi za majani, kama spinachi, yakinywewa kwa wingi siku nyingi yamewadhuru watu mafigo. Na aliyekaa siku nyingi bila kula asilishwe kwa pupa. Mwisho wa Vita Kuu ya Pili wako watu waliotoka katika makambi ya mateso wakala chakula kingi mara moja, wakafa, kwa sababu chumvi za damuni hushuka ghafula na moyo kushindwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali.

Walimu wataniuliza, je, Maandiko yasemaje? Twamkumbuka Danieli na wenzake watatu. Hao nao walikuwa wanafunzi katika nchi ya ugeni. Walipelekwa Babeli wakiwa vijana, wakapangiwa miaka mitatu ya kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, na chakula chao kikatoka mezani pa mfalme. Danieli hakukipenda chakula kile, akaomba kingine. Someni sura ya kwanza ya kitabu chake, mtaona mambo matatu. Alimwomba msimamizi wake, hakujificha. Aliweka hesabu ya siku, nazo zilikuwa kumi. Na siku zilipotimia alikubali atazamwe uso na mtu mwingine, ili ijulikane kama amenenepa au amekonda. Tena hakukaa bila kula. Alikula mazao ya shamba, akanywa maji. Mambo hayo matatu yatosha kuwa kanuni kwa kila mwana wetu aliye ng'ambo: amwambie mtu, ataje siku ya mwisho, akubali kutazamwa. Kufunga kusikoweza kupita katika milango hiyo mitatu kuna kitu kimefichwa ndani yake. Bwana wetu alitufundisha kutoonyesha kufunga kwetu mbele za watu ili tusifiwe; lakini hakutufundisha kuficha njaa mbele ya mama.

Basi twamjibu mama yetu wa Mabamba. Mwandikie mwanao, wala usimgombeze. Usimwulize, “Hujambo?” peke yake, kwa maana atajibu, “Sijambo,” kama adabu itakavyo. Mwulize: Jana ulikula nini? Ulipika wewe, au nani? Siku saba hizo zaisha lini, nawe utafungulia chakula gani? Nani hapo bwenini anajua kwamba umefunga? Fedha za mwezi huu zimefika? Akijibu yote waziwazi, naye ana afya, mwache amalize siku zake kwa amani. Atarudi katika chakula akiwa na shukrani zaidi. Akijibu moja na kuruka mengine, jueni kwamba hapo ndipo penye jambo.

Na ninyi akina baba, hesabuni upya mnayomwomba. Mtoto aliye Ulaya hana shamba nyuma ya nyumba. Hana muhogo wa kung'oa, wala jirani wa kumpa kikapu cha maharage. Kila kitu akilacho amekinunua, hata maji ya matunda, nayo ni ghali kuliko mkate. Akituma karo ya mdogo wake, mshukuruni. Lakini kabla ya kuomba tena, mwulizeni imebaki kiasi gani ya kula. Na ikiwa yuko mtu wa kwenu asafiriye kwenda huko, mpeni chupa ndogo ya asali ya Kibondo, ikiwa sheria za nchi ile zaruhusu. Ataitia katika uji wake, naye atajua kwamba nyumbani wanataka ale.

Mwezi ujao tutaandika, Mungu akipenda, juu ya baridi na mavazi ya wanafunzi. Kaeni na amani.